Chuma cha Juu: Kinachobeba Balkoni na Mabega ya Nguzo

Matini ya mazungumzo kuhusu usalama wa majengo kwa wenye ploti, mafundi, makeateka na wapangaji wa Wadi ya Kiamaiko



Mtu akisimama katikati ya kichochoro cha Kiamaiko au cha Huruma na kuinua macho, anaiona mbingu kama mkanda mwembamba. Chini, kwenye duka la M-Pesa na kwa kinyozi, ukuta uko kwenye mpaka wa ploti. Ghorofa ya kwanza inatoka nje hatua moja juu ya njia. Ya pili inafuata, na ya tatu, hadi juu kabisa ambako nyumba za upande huu na za upande ule zinakaribia kushikana mikono. Sababu inajulikana na kila mtu. Ploti ni ndogo, kodi inahesabiwa kwa chumba, na kila mita inayotolewa nje juu ya njia ni mita ambayo mwenye ploti hakuinunua.

Mazungumzo haya yanahusu kile kinachoshikilia sehemu hiyo iliyotoka nje. Si rangi, si vigae, wala si unene wa zege unaoonekana. Ni vipande vichache vya chuma vilivyozikwa ndani, ambavyo mpangaji hataviona maishani mwake. Vikiwekwa mahali pake, watoto watacheza juu yake na nguo zitaanikwa miaka na miaka. Vikiwekwa sentimita chache chini ya mahali pake, jengo linabaki na umbo lilelile na sura ileile, ila nguvu haimo.

Sehemu zinazotoka nje ya jengo ziko za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni slabu iliyorefushwa kupita ukuta au bimu ya mwisho, bila nguzo chini ya ncha yake. Hiyo mainjinia huiita kantileva, na wapangaji huiita balkoni, ingawa Eastlands mara nyingi si balkoni tena bali ni chumba kizima. Ya pili ni kipande kifupi na kinene kinachochomoza ubavuni mwa nguzo ili bimu au slabu nyingine ije ikae juu yake. Mainjinia huiita korbeli. Katika mazungumzo haya itaitwa bega, kwa sababu kazi yake ni ya bega: kupokea mzigo ulioletwa na mwingine.

Mabega ya namna hii yamejaa kwenye magodauni, ambako hubeba reli za winchi, na kwenye madaraja ambayo bimu zake zilitengenezwa kwingine zikaletwa kwa lori. Kwenye nyumba za kupangisha hutokea pale ngazi inapohitaji pa kukaa, pale jengo jipya linapounganishwa na la zamani, au pale mwenye ploti anapoamua baada ya miaka 5 kuongeza bimu mahali ambapo plani haikuwa na bimu. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye hatari kuliko zote, na itarudiwa baadaye.

Ili kuelewa chuma kikae wapi, fundi hahitaji darasa. Anyooshe mkono wake mbele na ashike karai lenye mchanga. Kabla ya dakika moja kuisha atajua ni wapi panauma: ni juu ya bega, ambako nyama inavutwa. Chini, kwapani, hakuna kinachovutwa. Huko kunabanwa tu. Balkoni ni mkono ule ule. Sehemu ya juu inavutwa na sehemu ya chini inabanwa, na panapovutwa zaidi ni pale inapokutana na jengo.

Sasa, zege lina tabia moja. Ukilibana, ni gumu kweli. Ukilivuta, linapasuka mapema. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kubanwa. Ndiyo maana chuma kikatiwa ndani: kazi yake ni kushika pale zege lisipoweza. Kwenye slabu ya kawaida iliyokaa juu ya kuta mbili, pale katikati chini ndipo panapovutwa, kwa hiyo chuma hulala chini. Kwenye balkoni mambo yanageuka. Chuma kikuu hukaa juu. Fundi aliyefunga slabu kumi za vyumba vya ndani na kuzoea chuma cha chini anaweza, bila ubaya wowote moyoni, kuendelea na mkono uleule hadi kwenye balkoni. Mashine ikishamwaga zege, kosa hilo halionekani na halisikiki.

Tuseme balkoni imetoka mita 1.2 na unene wake ni milimita 150. Chuma cha Y12 kikikaa juu na kufunikwa na milimita 25 za zege, kutoka kwenye kiini cha chuma hadi chini ya slabu kuna karibu milimita 119. Urefu huo ndio unaokipa chuma nguvu, kama urefu wa mpini wa spana. Siku ya kumwaga zege vijana wanapita juu ya chuma hicho na mikokoteni na karai. Hakina cha kukishikilia. Kinashuka milimita 40. Nguvu ya balkoni imepungua kwa karibu theluthi moja, na hakuna aliyeiba hata kilo moja ya simiti. Kikishuka hadi chini kabisa, inabaki kama robo. Chuma kile kile, pesa zile zile, zege lile lile.

Dawa yake ni rahisi mno hata inashangaza inavyopuuzwa. Chuma cha juu kinahitaji viti vya chuma vya kukiinua, vilivyokunjwa kutoka kwenye mabaki na kufungwa kwa waya, vikipangwa karibu karibu. Chini kunahitajika vile vipande vidogo vya simiti ambavyo mafundi wengi huviita biskuti, si jiwe lililookotwa wala kipande cha mbao. Na njia ya kupita mikokoteni iwekwe mbao juu, zikae kwenye miguu yake zenyewe, zisilale juu ya chuma.

Jambo la pili ni urefu wa chuma hicho kurudi ndani. Mkono haushiki karai kwa kiganja peke yake. Msuli umeenda hadi mgongoni. Chuma cha balkoni lazima kirudi ndani ya slabu ya jengo mbali vya kutosha ili kisichomoke. Kanuni inayotumika sana saiti ni kwamba kirudi ndani angalau mara moja na nusu ya urefu uliotoka nje. Kwa balkoni ya mita 1.2, hiyo ni mita 1.8 ndani. Chuma kilichokatwa pale kwenye bimu ya ukuta kwa sababu kipande kilichobaki kilikuwa kifupi, hicho ni sawa na mkono uliobandikwa kwa gundi.

Halafu kuna ukuta. Wapangaji wengi hawajui, na hata wenye ploti wengine hawajui, kwamba mzigo mkubwa wa balkoni ya Eastlands si watu. Ni ukuta wa mawe uliojengwa kwenye ncha yake ili balkoni iwe chumba. Ukuta wa mawe wa milimita 150, wenye kimo cha mita 2.7, una uzito wa karibu kilo 850 kwa kila mita ya urefu wake. Na uko kwenye ncha, mahali pabaya kuliko pote. Kwa ile slabu ya mfano, ukuta huo peke yake unavuta kwenye mzizi wa balkoni zaidi ya mara tatu kuliko uzito wa slabu yenyewe. Injinia aliyechora balkoni ya kuanika nguo hakuchora hicho. Kwa hiyo anayeziba balkoni kwa mawe baada ya mainjinia kuondoka ameshabadilisha jengo, hata kama hajagusa chuma. Tangi la maji kwenye kona ya paa ni vivyo hivyo: lita 5,000 ni tani 5, mchana na usiku.

Hiyo ndiyo balkoni. Bega la nguzo ni gumu zaidi, na hapo ndipo mafundi wazuri hukosea.

Bega ni fupi. Mzigo unakaa karibu sana na nguzo, mara nyingi karibu kuliko kimo cha bega lenyewe. Kwa sababu hiyo halipindi kama balkoni. Mzigo unateremka kwa mshazari ndani ya zege, kutoka pale bimu ilipokaa hadi chini kwenye nguzo, kama mtu aliyeegemeza ngazi ukutani. Na kama ngazi, lile pembe la juu linataka kuteleza kutoka nje. Kinacholizuia ni chuma cha juu kilicholala sawa, kimeshika ncha ya bega upande huu na nguzo upande ule. Kamba ile ikikatika au ikichomoka upande wowote, bega linafunguka.

Basi kuna mambo ya kuangalia katika chuma hicho. Upande wa nguzo ndio rahisi: chuma kipite nguzo yote hadi upande wa pili, ndani ya ringi za nguzo, kisha kipinde kushuka kwa urefu alioandika injinia. Upande wa ncha ndio wenye shida. Fundi mwenye haraka hukunja chuma kwenda chini kwenye ncha, kama anavyokunja mwisho wa bimu. Lakini chuma nene hakikunjiki kwa kona kali. Kinazunguka kwa duara. Ile kona ya zege iliyo nje ya duara inabaki haina chuma. Bimu ikija kukaa karibu na ncha, inakalia zege tupu, na kona inakatika kama ncha ya mandazi. Njia zinazokubalika ni mbili. Ama chuma cha juu kikunjwe kwa ubapa, kama herufi U iliyolazwa, ili kizunguke ncha karibu na uso. Ama kichomelewe kipande cha chuma cha unene uleule kikipita kikingama kwenye ncha, kwa kulehemu kwa mtu anayejua kulehemu chuma cha ujenzi, maana si kila chuma kinachokubali moto bila kuvunjika baadaye. Vyovyote vile, sahani ya bimu isikae nje ya sehemu ambayo chuma kimenyooka.

Kisha ringi. Kwenye bimu, ringi husimama wima. Kwenye bega fupi, ringi za wima hazisaidii sana, kwa kuwa ule ufa wa mshazari unazipita pembeni. Ringi za bega hulazwa, zikizunguka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye ncha, na hupangwa kwenye theluthi mbili za juu za kimo cha bega. Kanuni za Uingereza ambazo mainjinia wa Kenya wamezitumia kwa miaka mingi zinataka eneo la ringi hizo kwa jumla lisipungue nusu ya chuma kikuu. Mfano wake unakaa vizuri kichwani: bega lenye vyuma vitatu vya Y16 juu linahitaji angalau ringi tatu za Y8 zilizolazwa. Idadi halisi ataitoa injinia. Mfano huu ni wa kumsaidia mwenye ploti kushtuka akiona bega lisilo na ringi hata moja. Ncha nayo isichongwe ikawa nyembamba kwa ajili ya urembo. Kimo chake kwenye ukingo wa pale bimu inapokaa kisiwe chini ya nusu ya kimo kilichopo kwenye nguzo.

Kuna na nguvu moja ambayo haionekani. Bimu iliyokaa juu ya bega hufupika kidogo zege likikauka, hurefuka jua likiwaka, hufupika tena usiku. Kila mara inaliburuta bega. Vitabu vya usanifu vya Marekani vinaagiza bega lihesabiwe kama linavutwa kwenda nje kwa nguvu isiyopungua moja ya tano ya mzigo wake, hata kama hakuna anayelivuta.

Sasa lile la bimu iliyofikiriwa baadaye. Nguzo imesimama miaka 5, mwenye ploti anataka bega ubavuni. Fundi anatindua zege, anachimba mashimo manne, anaingiza vipande vya chuma, anaziba kwa simiti na mchanga, anapiga mbao na kumwaga. Kwa macho ni bega. Chuma chake kimeshikwa na plasta. Kuna njia halali za kuunganisha chuma kipya na zege la zamani, kwa gundi maalumu na vina vilivyopimwa, au kwa kuivisha nguzo nzima koti jipya la zege na chuma. Zote zinahitaji injinia, na koti ni ghali. Bega linalofaa ni lile lililofungwa na kumwagwa pamoja na nguzo yake siku moja.

Si Eastlands peke yake iliyojifunza haya kwa machozi. Tarehe 30 Septemba 2006, huko Laval karibu na Montréal nchini Kanada, daraja la de la Concorde liliangukia barabara iliyokuwa chini yake. Watu 5 walikufa na 6 wakajeruhiwa. Daraja lilikuwa la mwaka 1970. Lilikuwa limesimama miaka 36. Sehemu iliyovunjika ilikuwa ni ule mwisho wa kantileva ambako kipande cha katikati kilikuja kukaa, yaani ndugu wa karibu wa bega. Tume iliyochunguza, ikiongozwa na Pierre Marc Johnson, ilitoa ripoti mwaka 2007. Ilikuta chuma cha kuning'iniza mzigo kwenye sehemu ile hakikuwekwa mahali pake, hakikushikwa vizuri kule juu, na zege lenyewe halikuwa la ubora uliotakiwa. Asubuhi ile vipande vya zege vilikuwa vimeanza kuanguka barabarani, mtu akatumwa kuangalia, na barabara haikufungwa. Nchi tajiri, mainjinia wengi, karatasi zote zipo, na bado chuma kilichowekwa vibaya kilingoja miaka 36.

Hapa nyumbani hakuna anayehitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Mvua ilikuwa kubwa, na jengo la ghorofa 6 la Huruma, kando ya mto, likaanguka na watu wakiwa ndani. Karibu watu 50 walipoteza maisha. Waokoaji wa Msalaba Mwekundu, jeshi, Huduma ya Vijana kwa Taifa na wakazi wenyewe walichimba kwa siku nyingi. Mtoto mchanga wa kike alitolewa akiwa hai baada ya siku tatu na zaidi, na wengine wakatolewa baada ya siku ya sita. Jengo lilikuwa limeshahesabiwa kuwa la kubomolewa. Mengi yaliyosemwa baadaye yalihusu mto, vibali na ubora wa ujenzi. Jengo linapoanguka mara chache huwa na kosa moja. Lakini makosa ya chuma yana sifa yake mbaya: mengine yanaweza kuonekana na mpita njia, haya hayaonekani mpaka vifusi vifunuliwe.

Turudi kwenye jambo ambalo Kiamaiko inaweza kuwafundisha wengine. Mbuzi wanaofika hapa kutoka Isiolo, Marsabit na Moyale huishia kwenye mizani. Hakuna mama anayekubali kilo ya nyama iliyokadiriwa kwa macho; ataitazama sindano ya mizani mpaka itulie. Mtu huyohuyo akienda hadiwea kununua chuma, ananunua kwa kuhesabu vipande. Muuzaji anasema ni Y12, yeye anaandika Y12. Ilhali chuma nacho kina kilo zake. Kipande cha mita 12 cha Y8 kina uzito wa kilo 4.7 hivi. Cha Y10 ni kilo 7.4. Cha Y12 ni kilo 10.6 au 10.7, na cha Y16 ni karibu kilo 19. Chuma kilichoitwa Y12 na kumbe unene wake ni milimita 11 kitakuwa na kilo 9 au pungufu kidogo, na kitakuwa kimepoteza karibu asilimia 16 ya nguvu yake. Vipimwe vipande kumi kwa pamoja, urefu pia upimwe kwa tepu, kisha hesabu ifanywe. Mizani ya kilo 100 au 200 haikosekani Kiamaiko. Chuma chenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndicho cha kununuliwa, lakini alama haikatazi kupima.

Hata hivyo chuma kizuri kilichowekwa chini badala ya juu ni hasara tupu, kwa hiyo siku muhimu kuliko zote ni ile kati ya kumaliza kufunga chuma na kumwaga zege. Kila aliyewahi kuwa saiti anaijua siku hiyo inavyokuwa. Mashine ya kuchanganya imekodiwa kwa siku moja. Vijana 30 wameshafika na kila mmoja anangoja malipo ya jioni. Mawingu yanakusanyika upande wa Ngong. Foremani anasema, "Mzee, tukikosa leo, mashine inaenda saiti nyingine, turudi hapa wiki ijayo." Na mzee, ambaye amekopa chamani, anaangalia mawingu na kusema mwageni. Injinia hajafika. Wala hakuitwa.

Hapo ndipo balkoni huharibikia, saa nne asubuhi, watu wote wakiwa na nia njema.

Njia ya kuiepuka ni kugeuza mpangilio wa siku. Ukaguzi wa chuma ufanyike jana yake, au siku mbili kabla, na mashine isikodiwe mpaka injinia awe ameweka sahihi. Kibali cha ujenzi kinachotolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 si karatasi ya kutundika getini tu. Kinakwenda pamoja na ukaguzi wa hatua kwa hatua, na chuma kabla ya zege ni mojawapo ya hatua hizo. Mradi nao uwe umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kontrakta awe kwenye daftari lake. Injinia awe amesajiliwa na Bodi ya Mainjinia ya Kenya; jina lake linaweza kuangaliwa, na mwenye ploti ana haki ya kuliangalia bila kuonekana mkorofi. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 1968, zimeyaweka majukumu haya wazi zaidi kuliko zamani.

Wapo wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba kupata kibali kunachukua muda na pesa, na kwamba mkaguzi hufika kwa kuchelewa. Malalamiko hayo yaandikwe na yapelekwe ofisi ya wadi. Lakini zege halingoji majibu ya barua, na mpangaji wa ghorofa ya tano hakuhusika katika ugomvi huo.

Mwenye ploti asiyejua kusoma mchoro anaweza bado kuuliza maswali matatu kabla ya zege: Chuma kikuu cha balkoni kiko juu au chini? Kimerudi ndani mita ngapi? Nini kinakishikilia kisikanyagwe? Foremani mwenye kazi safi atafurahi kuulizwa. Kwenye bega aulize ringi zilizolazwa ziko ngapi, na ncha ya chuma imekunjwa vipi. Apige picha kwa simu, tepu ikiwa imewekwa juu ya chuma ionekane, na tarehe iwepo.

Baada ya kumwaga kuna propu, yaani miti au mabomba yanayoshikilia slabu. Za balkoni ndizo za mwisho kuondoka, kwa siku alizosema injinia, na zege liwe limemwagiwa maji ipasavyo siku zote hizo. Zikiondolewa, zianzie kwenye ncha kuelekea ndani. Kuanza karibu na ukuta na kuacha mti mmoja kwenye ncha ni kuigeuza balkoni iwe daraja la dakika chache, ikivutwa chini mahali ambapo haina chuma. Na propu za ghorofa ya juu zisikae juu ya balkoni ya chini ambayo bado ni changa.

Wapangaji na makeateka hawawezi kuona chuma, lakini wanaweza kuona dalili. Ufa juu ya sakafu ya balkoni, sambamba na ukuta, pale balkoni inapoanzia, huo si ufa wa plasta wa kupakwa rangi. Ncha ya balkoni iliyoshuka hata maji ya kupiga deki yakakimbilia nje kuliko zamani. Mlango wa balkoni ulioanza kukwama. Kwenye bega, ufa wa mshazari kutoka pale bimu ilipokaa kuelekea chini ya nguzo, au kona ya ncha inayomegeka. Madoa ya kutu yanayotiririka kutoka ndani ya zege. Ufa uwekewe alama kwa kalamu mwisho wake na tarehe iandikwe kando. Ukipita alama, keateka amjulishe mwenye ploti na ofisi ya wadi siku hiyohiyo. Balkoni iondolewe mitungi, matangi na watu. Zege likianza kudondoka au kulia, watu watoke kwanza na simu ipigwe 999 au 112 wakiwa nje, mbali na ukuta.

Picha za chuma zilizopigwa kabla ya zege zitunzwe pamoja na plani na hati ya ploti. Siku mwenye ploti, au mtoto wake aliyerithi, atakapotaka kuziba balkoni kwa mawe au kupandisha ghorofa nyingine, injinia atakayeitwa ataanza kwa kuomba picha hizo.